Homa Isiyokuwa Malaria

Huku Kumsenga ukisema una homa, hakuna anayekuuliza ni homa ya nini. Ni malaria, na dawa yake ni mseto. Wanangu nimewatibu hivyo hivyo, kwa hiyo sikushangaa mama mkwe aliponiletea mseto na kikombe cha uji.

Lakini mimi nilikuwa na ugonjwa mwingine. Kinga ya mwili wangu imenigeuka, inanishambulia mimi mwenyewe, na figo zilikuwa zimeshaanza kuguswa. Daktari wa Mwanza alinianzishia vidonge vya kuituliza hiyo kinga, akanionya nisiviache, maana figo zikifa hazirudi. Haukupita muda nikaanza kuwaka. Mchana wa jua kali natetemeka chini ya mablanketi, wenzangu wako shambani wanavuna maharage.

Sisi huku hatuchanganyi dawa. Ukianza moja, nyingine inasubiri. Basi nikameza mseto, vidonge vya Mwanza nikaviweka kando, na homa ikashuka. Mama mkwe akausifu mseto hadi kwa majirani. Nikarudia vidonge vyangu, jioni ileile moto. Mseto tena, nafuu tena. Kipimo cha zahanati kilionyesha sina malaria, naye mama mkwe akasema kipimo kinadanganya.

Siku moja, nimelala na jasho langu, nikaliona jambo lililokuwa wazi muda wote. Mseto haukuniponya hata mara moja. Kilichonipa nafuu ni kuviacha vile vidonge. Nilikasirika sana, kwa sababu nilijua maana yake: nikivimeza naungua, nikiviacha figo zinakufa. Nina watoto wa kulea, kwa hiyo sikukubali kuchagua hata kimoja.

Mama mkwe alipoleta mseto mwingine niliukataa. Akasema nina kiburi cha kwetu Heru Juu. Nikamjibu kuwa ni kweli ninacho, nikapanda bodaboda na homa yangu mpaka hospitali, Kibondo mjini.

Daktari niliyemkuta alisikia neno homa tu, akaanza kuandika malaria. Nikamweleza yote, vidonge na moto, kuacha na nafuu. Kalamu haikusimama.

"Daktari, malaria sitibiwi tena," nikamwambia. "Mpigie aliyeniandikia vidonge. Nitakaa hapa mpaka umpigie."

Nikakaa kweli. Sijui kama alichukia. Alinipima malaria upya, akachukua damu kutafuta maambukizi mengine, hakuona kitu. Ndipo akapiga simu. Aliporudi sauti yake ilikuwa imepoa. Alisema ni ile dawa ya Mwanza, mwili wangu umeikataa, nisiiguse tena maishani. Nitapewa nyingine ya kuituliza kinga, na figo bado zinafanya kazi.

Nilianza hiyo nyingine na homa haikurudi. Nyumbani mama mkwe aliwaambia wageni kuwa mseto wa mwisho ndio ulionitibu. Nikamsahihisha mbele yao kwamba ule sikuumeza kabisa, na hakufurahi.

Kesho yake asubuhi alinikuta nameza kidonge kipya. Akaketi karibu nami, akakitazama kile kidonge. Nikaona kwamba muda wote ule alikuwa anaogopa kunizika.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema, "na hiki nacho kikikuunguza?"

"Nitakikataa nacho, Mama, na nitadai kingine. Figo zangu siziachii."