Tawi la Shangazi

Posa ya mdogo wangu ilikuwa haijajibiwa, lakini mimi tayari nilikuwa napanga harusi. Watu wa Kibiti wameoana miaka yote bila mishale ya rangi. Hilo halikunizuia kujitwisha kazi ambayo hakuna aliyeniomba: kuchora ramani ya mawazo, ule mchoro wa matawi na mishale, ya shughuli nzima, mtandaoni, bure.

Hilo neno bure nililielewa taratibu. Programu ya kwanza ilinikaribisha kwa upendo, kisha ikaomba namba ya kadi ya benki. Ya pili ilibandika jina lake katikati ya kazi yangu kama mwenye nyumba. Ya tatu ilikuwa nzuri, ila matawi yakizidi, ulipie. Nikaichagua hiyo. Nilijifundisha kwa video, bando likaishia kwenye kutafuta kijani kisichofanana na dawa ya mbu.

Katikati nilimweka mdogo wangu, bibi harusi. Pembeni mahari, turubai, pilau, wakwe wa Nyamisati. Na tawi moja la dhahabu: Mratibu Mkuu, yaani mimi. Shangazi, dada yake baba, alikuta matawi ya bure yamekwisha, nikambana kwa maandishi madogo chini ya pilau. Kisha, kwa fahari, nikairusha picha kwenye kundi la familia.

Kwetu posa haijibiwi mpaka shangazi aseme neno. Hata baba husubiri. Nilijua. Nadhani nilitegemea programu nayo inajua.

Siku ya jibu, shangazi alishuka kwenye bodaboda kutoka Umwe. Nikasema shikamoo. Akapita. Mdogo wangu akamwamkia, akaitikiwa. Nikarudia yangu.

"Nionyeshe nilipo," akasema.

Nikaikuza picha.

"Chini ya pilau. Basi wakwe wakifika, pilau ndiyo iwajibu."

Mdogo wangu aligeukia ukuta. Nikadhani anacheka, kumbe analia. Wakwe walikuwa njiani.

Nikajaribu kuongeza tawi. Programu ikanikumbusha, kwa adabu kabisa, kwamba mimi ni mtumiaji wa bure. Nikafikiria kutoa turubai, lakini wingu lilikuwa limetanda. Kutoa mahari sikuthubutu. Nikakagua matawi yote. Kila moja lilikuwa na kazi yake, isipokuwa lile la dhahabu.

Nikalifuta. Shangazi nikamsogeza kando ya bibi harusi, akataka dhahabu ile ile.

Aliitazama picha, akanirudishia simu, akajiweka sawa mkekani kungoja wageni.

"Marahaba," akasema. "Haya, kaoshe vikombe."