Siku Niliyohesabu Watu wa Mtumbwini

Nilipokuwa na miaka saba, wiki ya kwanza tu ya darasa la kwanza, nilijifunza kuhesabu hadi tisa na nikawa kero ya nyumba nzima. Nilihesabu kuku, nikahesabu mafiga, nikahesabu matonge ya ugali aliyokula baba mpaka akasukuma sahani na kuniuliza kama namnyima chakula. Kumi bado tulikuwa hatujafundishwa. Mwalimu alisema kumi inakuja wiki ijayo, na mimi niliona wiki hiyo haifiki. Ijumaa alitupa kazi ya nyumbani: kila mtu akahesabu vitu vya kwao, Jumatatu aje aseme amehesabu nini na ni vingapi.

Kwetu ni Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa hivi kwamba mtu mwenye mzigo hana njia nyingine isipokuwa maji. Wanawake wetu wanafinyanga vyungu. Jumamosi huvipanga mtumbwini juu ya nyasi kavu, wakavuka kwenda kuviuza soko la Lyulilo, upande wa Matema, na alasiri wakarudi na mchele, sabuni na ndizi. Mama alikwenda karibu kila Jumamosi. Bibi, mama yake mama, alikuwa fundi kuliko wote, lakini magoti yalishamchosha, kwa hiyo aliishia ufukweni, akakagua vyungu vyake vilivyopangwa, akarudi nyumbani akilalamika kwamba vimepangwa vibaya.

Bibi alikuwa na miiko mingi na sikuitilia maanani yote. Mmoja ulikuwa huu: watu walioko majini hawahesabiwi. Wahesabu kabla hawajaondoka, wahesabu wakishashuka, lakini wakiwa majini waache. Ukiwahesabu umewaonyesha. Umewaonyesha kwa nani, hakusema. Nilimsikia akiusema mara nyingi, tena kwa Kikisi, lugha tuliyoongea nyumbani. Na hapo ndipo nilipoteleza, kwa sababu kichwani mwangu "moja, mbili, tatu" ya mwalimu haikuwa kuhesabu kule anakokataza bibi. Ile ilikuwa ya shule. Tuliiimba tumesimama, tukipiga makofi, mimi na Atupele niliyekaa naye dawati moja, na sikudhani wimbo wa shule unaweza kumgusa mtu wa Ikombe.

Jumamosi hiyo nilipanda jiwe kubwa lililo kando ya ufukwe. Mtumbwi ulikuwa umeshasukumwa, makasia yameanza kazi. Nikawaona wote wamekaa sawasawa katikati ya vyungu, na mimi nina kazi ya nyumbani. Nikawahesabu kwa sauti, nikifuata walivyopanda. Wa kwanza mwenye mtumbwi, wa pili mama yangu, wa tatu shangazi, wa nne baba yake Atupele, na buti zake za mvua miguuni, aliyekuwa anapeleka usipa wakavu, dagaa wa ziwa letu, kisha wanawake watatu wa upande wa juu. Saba. Nilipofika saba nilipiga makofi kama darasani.

Bibi alikuwa nyuma yangu, chini ya jiwe. Alinivuta mguu nikashuka kwa matako.

"Umefanya nini?"

"Kazi ya mwalimu."

"Umewahesabu?"

Aliangalia huku na huku kuona nani mwingine yuko karibu. Mama Atupele alikuwa mbali kidogo, ameinama anaosha sufuria, na hakuinua kichwa. Bibi alinishika mkono tukapanda nyumbani, na magoti yake siku hiyo sikuyasikia yakilalamikiwa.

Nimekuwa nikiikumbuka safari hiyo fupi kila Januari, maana nami ni mwalimu sasa, tena wa darasa hilohilo la kwanza, huku Busale kwenye mpunga. Kila muhula ukifunguliwa naanza na vijiti na vizibo vya soda, moja hadi tisa, na watoto wanakuwa kero za nyumba zao kama nilivyokuwa mimi. Januari hii niliwaambia wakahesabu watu wanaoishi nyumbani kwao. Kesho yake binti mmoja, Lugano, alisimama akasema hana jibu, bibi yake amemkataza, watu si mbuzi. Wenzake walicheka. Mimi badala ya kunyamaza nilimfokea. Nilimwambia bibi yake si mwalimu, nikamwandikia sifuri kubwa. Siku nzima sikuweza kukaa. Nilifuta ubao uliokwisha kufutwa. Jioni mume wangu aliniuliza kama nimegombana na mtu, nikamjibu vibaya, kisha nikaenda kukaa peke yangu jikoni.

Sasa nirudi Ikombe. Saa sita mchana upepo ulishuka kutoka milimani. Ziwa letu halina adabu ya kubisha hodi. Dakika moja limelala, dakika ya pili linapiga mawe ya ufukweni kwa hasira. Bibi alitoka nje, akaangalia, akarudi. Akatoka tena. Alishika udongo wake akauacha. Mwishowe akaniita nyuma ya nyumba, palipokuwa na vyungu vibichi vinavyosubiri kuchomwa.

"Ulivyowapeleka, ndivyo uwarudishe."

"Vipi, bibi?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye unayesoma. Anza na wa mwisho, umrudishe kwa wa kwanza."

Nilikaa chini nikaanza. Saba. Sita. Tano. Halafu mdomo ukaenda sita. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwenda tu, kurudi hakutufundisha. Nilianza upya. Nikachukua vijiti vyangu vya shule, nikavipanga saba ardhini, nikawa natoa kimoja kimoja, lakini nikitoa kijiti nasahau jina lake, na nikikumbuka jina mkono umeshatoa kingine. Bibi alisimama juu yangu, akaondoka, akarudi. "Bado?" Bado. Mvua ikaanza. Nililia huku nahesabu, makamasi yakiingia mdomoni. Nilimtaka mama yangu, hilo tu. Hao wengine sita niliwarudisha kwa sababu walikuwa njiani kumfikia yeye.

Nilifika moja mara moja tu. Saba, sita, tano, tatu, mbili, moja. Nilisema haraka sana, nikaruka juu, nikamwambia bibi tayari. Akashusha pumzi akaniambia niingie ndani nikaushe nguo.

Nilikuwa nimeketi karibu na moto nguo zikitoa mvuke, ndipo nikajua kwamba sikusema nne.

Nilitaka kurudi nje. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nilijaribu kimoyomoyo na nikakwama palepale. Kwenda kumwambia bibi niliogopa. Nilijidanganya kwamba pengine niliisema ila sikujisikia. Mvua ilikata, jua likatoka, watu wakaanza kupiga kelele ufukweni.

Mtumbwi ulirudi umekaa vibaya, hauna mzigo hata mmoja. Wimbi lilikuwa limeupindua karibu na mawe, wakaushika na kuelea nao mpaka wakaugeuza. Mama alishuka ameloa, kanga imepotea, nikamrukia shingoni. Shangazi akashuka. Mwenye mtumbwi akashuka. Wanawake watatu wakashuka. Baba yake Atupele hakuwamo. Walisema alikuwa ameshika, kisha wakamwangalia tena hayupo.

Mama Atupele hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye mchanga na miguu imenyooka mbele. Atupele alisimama pembeni yake akaniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namwangalia yeye.

Usiombe kukaa katika kijiji kidogo baada ya msiba wa majini. Mwili ulipatikana Jumatatu mchana, wakazika, na hapo maneno yakaanza. Mzee mmoja aliyekuwa anaziba nyavu siku ile alisema alisikia sauti ikihesabu wakati mtumbwi unaondoka. Ya nani, hakujua, upepo uliivuruga. Watu wakakusanyika uwanjani kwa marehemu, watu wazima kwa watoto, na swali likaulizwa mbele ya wote: nani alihesabu? Nilikuwa nimebanwa kati ya miguu ya mama. Nilijua nikitikisika tu nitajulikana.

Bibi alisimama. Ilimchukua muda kusimama.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nahesabu vyungu vyangu. Mdomo ukapitiliza kwa watu."

Hakuna aliyemtukana. Kwetu mzee hatukanwi. Lakini tangu siku hiyo akionekana anashuka ufukweni Jumamosi, watu walikuwa wanaondoka. Waliacha kumpakilia vyungu vyake. Walimsalimu kwa heshima wakampita. Aliyekuja kuvichukua alikuwa mama Atupele peke yake. Kila Ijumaa jioni mjane yule alipanda kwetu, akakaa na bibi, wakaongea udongo na kuni, akaondoka na vyungu kichwani ili kesho vivuke pamoja na vyake. Nami kila nikimsikia anabisha nilikimbilia uvunguni. Niliona anafanya wema kwa kudanganywa, na kwamba siku akijua atavivunja vyote mbele yetu.

Jumatatu ile, kabla hata ya mazishi, nilikuwa nimekwenda shule. Mwalimu aliniuliza nimehesabu nini. Nikasema sikuhesabu kitu. Alinichapa fimbo mbili za kiganja, na nilizipokea kwa furaha isiyoelezeka, nikatamani aongeze. Muhula wote ule sikufungua mdomo wakati wa kuhesabu. Atupele aliporudi baada ya matanga alikaa palepale pembeni yangu, akanigawia vijiti vyake akidhani vyangu vimepotea.

Bibi alifariki nikiwa darasa la sita. Hatukuwahi kulizungumza. Mara moja nilianza, "Bibi, ile nne..." akanikatisha akasema maji ya kufinyangia yamekwisha nikachote.

Basi baada ya kumfokea Lugano sikulala vizuri siku tatu, na Jumamosi nikapanda gari mpaka Matema. Atupele anaishi Lyulilo siku hizi, anauza usipa na mama yake yuko naye. Nilimkuta anageuza samaki juani. Tulisalimiana sana, ugonile, ndaga, watoto hawajambo, akanipa kigoda. Nilikataa kukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, haraka haraka, kama mtu anayetapika, kwamba aliyehesabu nilikuwa mimi, na kwamba niliporudisha niliruka baba yake.

Aliendelea kugeuza samaki.

"Hilo la kuruka silijui," alisema. "La kuhesabu ninalijua. Mama alikusikia."

"Alikuwa anaosha sufuria."

"Alikuwa anaosha sufuria na masikio anayo. Dada, bibi yako hakuwa anajua kuhesabu kwa Kiswahili hata tatu. Ile sauti ilisema moja, mbili, tatu, na mwisho ikapiga makofi. Mimi mwenyewe nilikuwa naimba hivyohivyo nyumbani."

Nikauliza kwa nini mama yake hakusema siku ile uwanjani.

"Nilimuuliza nilipokuwa mkubwa. Alisema bibi yako aliposimama, walitazamana. Mama akaona yule mzee ameshachukua mzigo, na yeye akiongeza neno, mzigo utashuka kwa mtoto. Akasema mtoto wa darasa la kwanza habebeshwi maiti."

"Kwa hiyo hakuamini kwamba ni kuhesabu kulikomuua baba?"

Atupele aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Aliamini. Mpaka leo anaamini. Ukiingia ndani usije ukamwambia vinginevyo, atakasirika."

Hapo ndipo nilipokaa kwenye kigoda.

Mimi ni mwalimu na ninajua upepo ni upepo. Ninajua mtumbwi ulijaa kupita kiasi na kwamba mtu aliyelowa, mwenye buti za mvua miguuni, anachoka kabla ya wenzake. Nimejiambia hayo miaka yote na hayakunipa usingizi, kwa sababu nilikuwa najitetea mbele ya watu ambao kumbe hawakunishtaki. Kama wangekuwa na elimu yangu, kunisamehe kungekuwa rahisi. Kusingekuwa na cha kusamehe. Lakini bibi na mama Atupele waliamini kabisa, bila chembe ya shaka, kwamba mdomo wangu ulikuwa umemuua mtu. Na Jumatatu ile bibi aliniosha uso akanipeleka shule, na matanga yalipokwisha mama Atupele akamwachia mwanawe akae na mimi dawati moja.