Sabuni ya Kafuri ya Zéphirin

Bwana yangu Zéphirin alikuwa mupishi wa sabuni katika kompanyi moja ya mafuta ya mawese hapa Kasongo. Mwaka wa 1954 Direktere, Muzungu mukubwa wa kompanyi, alimuita. "Sabuni yetu ya manjano watu wameichoka. Tafuta mupya. Tutaanza kuiuza Kabambare. Ikikubaliwa, unakuwa kapita, musimamizi wa majaribio, na unabaki katika nyumba ya matofali. Ikikataliwa, nyumba inaenda kwa mwingine."

Mutoto wetu Régina alikuwa na miezi miwili. Nyumba ile haikuvuja. Mimi sikuomba kitu kingine.

Miezi mine Zéphirin alipika, akamwaga. Majani ya limau yalitoa sabuni laini kama ugali wa jana. Mafuta ya karanga yalinuka vibaya. Alirudi nyumbani mikono imeunguzwa na soda ya kupikia sabuni, analala na viatu. Mwisho alitia kafuri, ile Wazungu wanayoweka katika nguo kufukuza wadudu. Sabuni ikatoka nyeupe, ngumu, nzuri. Nilimuosha nayo Régina. Nikasema, "Inanukia usafi." Sisi Wakristo tulikulia karibu na misioni, hatukuuliza mutu mwingine.

Wakapakia masanduku makumi ine katika kamio ya Antoine, dereva wa kompanyi, Zéphirin akapanda naye. Kule Kabambare, Bulaimu mwenye magazini ya kuuza vitu alipasua karatasi, akanusa, akauliza:

"Ndugu yangu, nani amekufa kwenu?"

Zéphirin akacheka. "Hakuna. Ni sabuni mupya."

"Mupya?" mama mumoja akasema kwenye baraza. "Harufu hii tuliisikia juzi, tukimuosha mama ya Kasimu!"

Mwenzake akadakia: "Mimi nikioga nayo, bwana yangu ataita watu waje kulia!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Hakuna aliyenunua hata kipande. Bulaimu akamuvuta Zéphirin kando, akamueleza polepole: "Sisi Waislamu, maji ya mwisho ya kuosha maiti tunatia kafuri. Wewe uliuliza nani mbele ya kupika?"

"Sikuuliza."

Masanduku yote yakarudi. Njiani Antoine alimupa shauri: "Useme watu wa Kabambare hawana pesa. Muzungu ataamini."

Zéphirin alikaa mlangoni kwetu, ananieleza yote hayo akiangalia chini. "Nikisema hivyo, watatuma masanduku mengine, na wale wamama watacheka tena." Régina alikuwa analia, na mimi mugongo uliniuma. Nilijua nyumba iko katika maneno hayo. Nikamuambia, "Baba Régina, enda useme kweli. Tumechoka vya kutosha."

Akaenda, akasema.

Kabambare ni yeye Direktere aliyeichagua, lakini hilo hakulisema. Aliuliza tu, "Kafuri ni nani aliyeitia?"

"Ni mimi, Bwana."

Nyumba ikaenda. Kazi ilibaki: atayeyusha sabuni yote tena, kisha atakaa Kabambare mwezi muzima, kwenye muto ambapo wamama wanafua, anawauliza, mbele ya kupika kitu chochote.

Siku ya kuhama yeye alibeba meza kichwani, mimi nilibeba mutoto na sufuria. Nyumba mupya iliyotungoja ilikuwa ya majani, upande mumoja umeinama. Katikati ya njia akasimama, akashusha meza.

"Mama Régina, wewe mwenyewe unapenda sabuni ya namna gani?"

Miaka miwili ya ndoa, hakuwa ameniuliza. Nikashusha sufuria, nikamujibu: "Ile isiyoisha upesi."