Mizani ya Kijiti ya Mama

Enzi zetu, soko huria lilipoingia Rungwe, tulimkagua mgeni kabla ya kuitikia salamu yake. Ushirika ulikuwa umelegea, na wanunuzi binafsi wa kahawa walikuja huku Suma kila mmoja na mizani yake. Mama aliwaona wote wezi. Watoto tulitumwa kuchungulia kama kuna sumaku chini ya sahani, nasi tulichungulia kweli, midomo imejaa ndizi za kuchoma.

Nyumbani tulikuwa na mizani ya kijiti, baba aliachiwa na fundi Mchina walipojenga reli. Ilikuwa na ndoano, jiwe la kuning'iniza, na nukta za shaba badala ya namba. Baba alipenda kusimulia kwamba zamani Wachina walipima hata madini ya fedha kwa kijiti kama hicho: unakata kipande, unakipima kwa liang, kipimo chao cha uzito, ndiyo hela yako.

"Kumbe hata wao hawakuaminiana," mama alisema.

Msimu ule kahawa ndiyo ilikuwa ituondoe kwenye paa la nyasi, tupate bati. Baba akiwa kazini kwenye mashamba ya chai, mama aliipima yote kwa kijiti, kikapu kwa kikapu. Kisha akaja kuinunua Mzee Salehe, mwenye duka mtaa wa Bagamoyo pale Tukuyu. Mizani yake ikasoma nusu ya hesabu ya mama.

"Nusu yangu umeipeleka wapi, baba?" mama akauliza mbele ya majirani.

"Mama Atupele, tupime tena."

"Beba mizani yako uende."

Kahawa akamuuzia mwingine ambaye hakuwa na mizani kabisa, alikadiria kwa macho. Mama alifurahi: huyu hana cha kuchezea. Hela ilitosha bati za jikoni tu.

Baba aliporudi, alitundika pakiti ya sukari ya kilo moja kwenye ndoano. Kijiti kikasoma mbili. "Nukta kubwa ni jin," akasema. "Ni nusu kilo." Mwaka mzima tulihamisha vitanda kukwepa matone, na mvua ya Tukuyu mnaijua.

Vijana wa leo wakiona namba inawaka kwenye kioo, wanalipa kwa simu na kuondoka. Mimi bado nachungulia chini ya sahani. Mama aliacha. Mpaka anazeeka alinunua sukari duka moja tu, na kila mara alisema, "Usipime, baba. Nakuamini."

Na kila mara Mzee Salehe alipima, akamgeuzia mizani asome mwenyewe.