Meli ya kupasua barafu na matope ya njia ya Kabambare

Hapana, sijafika Kabambare. Niko Kasongo tena, na matope mpaka mu masikio. Muache kucheka, wandugu!

Bibi yangu, mke wangu, alienda kuzaa kule Kabambare kwa mama yake. Binti yangu iko na wiki tatu, na miye namujua kwa foto tu.

Leo asubui nilitoka. Mvua iliharibu njia, pikipiki ikazama, nikarudi.

Juu ya kumuchekesha bibi, nikamutumia video ya meli za kupasua barafu: ya Urusi, ya Kanada, ya Finlandi. Meli inapanda juu ya barafu, inaivunja na uzito wake, na zingine zinafuata nyuma.

Nikaandika: "Mupenzi, ningepata moja, leo ningekuwa nabeba mutoto."

Kumbe simu iko na mama mukwe!

Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mukwe, wenzako wanapasua bahari yenye kuganda. Weye matope ya magoti inakushinda? Mutoto hana jina, anangoja baba yake."

Nikacheka. Kisha nikawaandikia ninyi.

Basi tupatane. Mwenye anaenda Kabambare kesho na pikipiki: miye napasua matope mbele, weye unafuata. Nikizama, unanisukuma.

Tukifika, binti anapata jina lako. Ukiwa mwanaume, jina la mama yako.