Maji ya Betri Kwenye Mfereji wa Busale

Kuna asubuhi moja, mwanangu, naikumbuka hata nisipotaka. Nilikuwa bado binti, nimeolewa juzijuzi, nina kiduka cha kuchapa na kutoa fotokopi pale Kyela mjini. Kompyuta zangu tatu za chogo, zile za kioo chenye mgongo mkubwa, zilikuwa zinafanya kazi. Fundi aliniambia, "Dada, zinataka kufutwa vumbi na kuongezewa memori tu." Sikumsikia. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikanunua nyingine.

Zile za zamani, pamoja na betri zilizokuwa zinaziwasha umeme ukikatika, nilizipeleka Busale nyumbani kwa mama mkwe. Nilikuwa nimesikia wavuvi wa ziwani wanatafuta risasi ya kutia uzito kwenye nyavu, na risasi imo ndani ya betri. Basi nikazipasua kwa shoka, maji yake nikayamwaga mferejini, nyaya nikazichoma nipate shaba. Moshi ule ulinikohoza siku mbili. Nilijiona mjanja.

Mfereji ule ndio ulionywesha kitalu cha mpunga cha mama mkwe. Asubuhi ya siku ya nne miche ikawa imelala, rangi ya majani makavu. Mama mkwe, mjane yule, alisimama ukingoni, gauni amelikunja magotini.

"Umemwaga nini humu?"

"Maji ya betri, mama."

"Nani kakuambia ni maji?"

Nikainama, nikaugusa mche mmoja, ukakatika.

"Na hizo mashine, zilikuwa zimekufa?"

"Hapana, mama. Zilikuwa zinachelewa."

"Hata mimi siku hizi nachelewa, mwanangu."

Akashuka kitaluni, akaanza kung'oa miche iliyokufa. Heri angenipiga.

Tulizunguka mpaka Talatala kuomba miche kwa watu, mimi naomba, yeye nyuma yangu. Tulipanda tumechelewa, tukavuna kidogo, na mwaka ule nyumba ile ilikula ndizi mpaka watoto wakazichukia. Kitalu alikihamishia juu, karibu na migomba. Pale pa zamani hakupanda tena mpaka anazikwa, na mimi pia sijathubutu.

Sasa nimechoka, mwanangu. Kila nikipita naona moshi wa nyaya, naona simu nzima zimetupwa kwa sababu imetoka mpya. Nikiwaambia watu, wananishukuru kwa lugha ya kwetu, "ndaga, bibi," kisha wanaendelea. Lakini wewe nitakuambia hata hivyo. Kifaa kikichelewa, mpelekee fundi kwanza. Usichapishe karatasi unayoweza kuisoma kwenye skrini. Ukimaliza kazi, zima. Na kikifa kabisa, usikipasue wala usikichome, wala usikitupe penye maji. Kiweke pakavu, mbali na watoto, umtafute mwenye kazi ya kukusanya taka za namna hiyo, hata kama yuko mbali. Ni usumbufu, najua.

Mungu akupe subira ya kutunza ulicho nacho, na watakaolima baada yako wasilitaje jina lako kwa ubaya.