Kwa Nini Nyuma ya Shuka Paliitwa Shotoni

Siku ya kwanza kazini nilitandika mikeka nyuma ya shuka. Sinema ya serikali ilikuja Kibiti kwa gari, na mimi bibi yenu, niliyeishia juzuu ya amma chuo cha Kurani, nilipewa kazi ya kuwakalisha wanawake. Wanaume mbele, sisi nyuma. Kuchanganyika kulikuwa aibu. Shuka la kuonyeshea picha nililirowesha maji mwenyewe, maana likirowa picha hupenya upande wa pili.

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alinionya: "Wanawake wakiondoka, na wewe nenda nao."

Niende wapi? Mume kaniacha, watoto wananitazama mkono.

Picha ilifundisha usafi. Familia ikanawa, ikakaa kula. Mara Bi Mkasi, kungwi wetu na somo yangu, akasimama.

"Astaghfirullah! Wanakula kwa kushoto! Baba, mama, mpaka katoto!"

Kweli, wote kushoto. Wanawake wakaanza kukunja mikeka yangu.

"Somo, kaa," nikamsihi.

"Nikae nifundishwe uchafu? Mkono wa chooni ndio unaingia kwenye wali?"

Nikamkamata kanga, nikamburura mpaka mbele kwa wanaume. Akida, msimamizi wa vijiji vyetu, akafoka, "Nyie wanawake, huku mnatafuta nini?"

"Kaa kimya, Akida, niko kazini!"

Bi Mkasi akatazama: wanakula kwa kulia. Akarudi nyuma: kushoto. Akaja mbele tena: kulia. Alizunguka lile shuka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho akashika kiuno.

"Jamani, watu wana adabu zao! Ni sisi tuliokalishwa shotoni!"

Wanawake wakaangua kicheko, wakaketi. Bwana Shauri akauliza wanacheka nini. Nikamjibu, "Somo limewaingia, Bwana." Akaridhika, kazi ikabaki yangu.

Tangu hapo nyuma ya shuka pakaitwa Shotoni. Tukienda Bungu, tukienda Mloka, wanawake wanauliza, "Shotoni kumeshatandikwa?" Na Bi Mkasi hakukaa hata mara moja kabla ya kuzunguka mbele kuhakiki mkono.

Niliacha kazi magoti yalipokataa kuinama. Juzi harusini, mjukuu wangu akawaelekeza wageni: "Shotoni ni viti vile vya upande wa kushoto."

Nilimvuta sikio mbele ya wakwe. La kulia, tena nilihakiki kwanza.